Leseni tatu ukutani: ni nani hasa anayesimamia ubora wa mafunzo ya ufundi?

Mlezi wa Umoja

Salamu kwenu nyote. Naomba mwongozo kutoka kwa wanaofundisha katika vyuo vya ufundi hapa Kenya, au walio karibu na taasisi za serikali zinazovisimamia, maana kadiri ninavyouliza ndivyo ninavyozidi kuchanganyikiwa.

Mpwa wangu alipata D+ katika mtihani wa kidato cha nne na ameamua, kwa hiari yake mwenyewe, kusomea uwekaji wa umeme majumbani. Hivi majuzi tulitembelea chuo kimoja cha kibinafsi katikati ya jiji, katika orofa ya tatu ya jengo ambalo chini yake kuna maduka ya simu. Nyuma ya karani wa mapokezi palikuwa na vyeti vitatu vilivyotiwa fremu: cha TVETA, cha NITA na cha CDACC. Nilipouliza kila kimoja kina maana gani, karani alinijibu kwa upole kwamba chuo chao kimesajiliwa na serikali, kisha akanikabidhi fomu ya kujiunga na stashahada.

Niliomba kuonyeshwa karakana. Baada ya kungojea kidogo tulifunguliwa chumba kilichojaa viti vya plastiki na, kwenye ukuta mmoja, ubao wa mbao uliofungwa swichi mbili, soketi moja na kishikio cha taa kisichokuwa na balbu. Mita ya kupimia umeme ilikuwa moja, nayo kioo chake kilikuwa kimepasuka. Sisemi kwamba chuo hicho ni cha ulaghai, kwani huenda vifaa vingine vilikuwa vimehamishwa siku hiyo. Hata hivyo, nilitoka nikijiuliza: ikiwa taasisi tatu za umma zimeridhika na chumba kile, zilikuwa zikikagua nini?

Ningependa kuelewa tofauti ya kazi za taasisi hizi, sababu ya kuwa na nyingi kiasi hiki, na zaidi ya yote, kama leseni yoyote kati ya hizo inaweza kumhakikishia mzazi kwamba kijana atakayemaliza pale ataweza kuweka umeme katika nyumba bila kuiteketeza. Natanguliza shukrani.

Mkufunzi wa Thika Road

Ndugu Mlezi, swali lako la kwamba zilikuwa zikikagua nini ndilo lenye uzito, lakini nitalifikia baadaye kidogo, kwa sababu vyeti vile vitatu havishuhudii jambo moja na ni vyema tuvitenganishe kwanza.

TVETA ni mamlaka iliyoundwa chini ya Sheria ya Elimu na Mafunzo ya Kiufundi ya 2013. Kazi yake ni kusajili vyuo na kuvipa leseni, kuidhinisha kozi, kusajili wakufunzi, na kukagua. Jambo ambalo wazazi wengi hawalijui ni kwamba idhini haikomei kwenye jina la chuo. Huangaliwa pia kozi gani inafundishwa na katika kiwango gani. Chuo kinaweza kuwa kimeidhinishwa kihalali kufundisha ushonaji na urembo, kikaning'iniza cheti chake cha usajili mapokezini, na mgeni akadhani kwamba cheti kile kinahusu umeme. Kwa hiyo ukirudi pale, usiulize kama wamesajiliwa. Omba kuona orodha ya kozi zilizoidhinishwa na viwango vyake, kisha uilinganishe na orodha ambayo mamlaka yenyewe huichapisha katika tovuti yake.

CDACC ni baraza lililoanzishwa na sheria hiyohiyo ya 2013, lakini lina kazi tofauti kabisa. Ndilo linaloandaa mitaala ya umilisi, yaani inayopima kama mwanafunzi anaweza kuifanya kazi yenyewe, kutathmini wanafunzi na kutoa vyeti vya ngazi ya 3 hadi ya 6. Mitaala hiyo hutokana na viwango vya kazi vinavyoandikwa na kamati za sekta ambamo waajiri huketi pamoja na wataalamu. Cheti cha CDACC ulichokiona ukutani yamkini kilikuwa cha kukitambua chuo kama kituo cha tathmini. Mitihani ya mtaala wa zamani nayo imekuwa ikisimamiwa na KNEC, baraza la mitihani la taifa, na ndiyo maana unaweza kuwakuta vijana wawili waliosoma fani moja wakiwa na vyeti vya mabaraza mawili.

NITA haimo kabisa katika Wizara ya Elimu. Iko chini ya Wizara ya Leba, na mizizi yake ni sheria ya mafunzo ya viwandani iliyotungwa 1959, ingawa umbo lake la sasa lilitokana na marekebisho ya 2011. Ndiyo inayosimamia uanagenzi, mafunzo ya wanafunzi viwandani, na yale majaribio ya ufundi ambayo wengi wetu tunayaita gredi ya tatu, ya pili na ya kwanza. Aidha, hukusanya tozo kutoka kwa waajiri, shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi.

Juu ya hizo kuna KNQA, iliyoundwa kwa sheria ya 2014, ambayo hutunza mfumo wa kitaifa wa ngazi 10 unaotuwezesha kulinganisha cheti kimoja na kingine, kuanzia vyeti vya msingi hadi shahada ya uzamifu katika ngazi ya 10. Stashahada iko ngazi ya 6. Vilevile usisahau kaunti, kwa kuwa Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, ilizipa serikali za kaunti vile vyuo vidogo vya ufundi ambavyo zamani vilikuwa vya vijiji.

Kabla sijaendelea, nakuomba urudie kuisoma ile fomu ya stashahada. Kwa kawaida stashahada huhitaji alama ya C- katika mtihani wa kidato cha nne. Mwenye D+ huanzia ngazi ya chini, kisha hupanda, na hakuna aibu yoyote katika kupanda huko; baadhi ya mafundi bora niliowafunza walianzia ngazi ya 4. Chuo kinachompa mwenye D+ fomu ya stashahada bila hata kuuliza matokeo yake kimekwisha kukueleza jinsi kinavyoendesha mambo yake.

Sasa nije kwenye ukaguzi. Mkaguzi anayekuja kutoa leseni huangalia hati ya umiliki au mkataba wa kukodi jengo, vyoo, milango ya dharura, idadi ya madarasa, vyeti vya wakufunzi, orodha ya vifaa na nakala ya mtaala. Haya yote ni ya lazima. Lakini ni mambo yanayoonekana siku moja, na siku hiyo hutangazwa mapema. Nimewahi kufanya kazi katika chuo ambacho sitakitaja, ambapo mashine za kuchomelea ziliazimwa kwa siku ya ukaguzi na kurudishwa kwa mwenyewe kabla ya saa kumi jioni. Orodha ya vifaa ilikuwa ya kweli kabisa kwa muda wa saa saba.

Ndiyo sababu nashikilia kwamba leseni ya kufungua mlango si kipimo cha ubora, na haikukusudiwa kuwa hivyo. Ubora unalindwa, kama unalindwa, katika tathmini. Mtaala wa umilisi unadai kwamba mwanafunzi afanye kazi yenyewe mbele ya mtathmini, kwamba kila kazi iwekwe katika jalada la ushahidi, na kwamba mtathmini wa nje ambaye hana maslahi na chuo aje kuthibitisha. Kwenye karatasi, ni mpango bora kuliko ule wa zamani wa kumwandikia mwanafunzi maswali kuhusu nyaya ambazo hajawahi kuzishika.

Kwenye karatasi, nasema, kwa kuwa nimeona majalada pia. Mwaka mmoja nilipokuwa nikipitia majalada ya kundi zima katika fani ya umeme, niligundua kwamba ukuta uliopigwa picha katika jalada la kwanza ulikuwa na ufa mdogo uliopinda karibu na sanduku la swichi, na ufa huohuo ulikuwa katika jalada la pili, la tano na la tisa. Ilikuwa kazi ya mwanafunzi mmoja, na wenzake wakaipiga picha kwa zamu. Hakuna kanuni iliyokosekana pale. Kilichokosekana ni mtu wa kufungua majalada yote kwa pamoja na kuyatazama kwa makini, na watathmini wa nje ni wachache mno ukilinganisha na idadi ya vyuo.

Mkandarasi, Industrial Area

Mwalimu ameeleza vizuri, ingawa mimi ninayeajiri naona ana huruma kupita kiasi kwa taasisi hizi.

Nimekuwa mkandarasi wa umeme kwa miaka mingi. Kijana anapokuja kuomba kazi, cheti chake nakipokea kwa mikono miwili, nakisoma, nakirudisha, kisha nampa jaribio la taa ya ngazi: swichi moja chini, nyingine juu, taa moja, na uweze kuiwasha au kuizima ukiwa upande wowote. Nampa ubao, nyaya, bisibisi, koleo na nusu saa. Hili ni somo la mwanzo kabisa. Wengi huichora sakiti vizuri sana kwenye karatasi. Kisha wanaanza kazi, na hapo unaona waya umechunwa mrefu hadi shaba inabaki wazi nje ya kifungio, au skrubu imekaza ganda badala ya shaba, au waya wa athi, ule wa kupeleka ardhini umeme unaovuja, umekunjwa na kufichwa nyuma ya sanduku kwa sababu kijana anaamini kwamba taa huwaka hata bila huo waya. Ni kweli taa huwaka. Siku fremu ya chuma itakaposhika umeme ndipo mwenye nyumba atakapojua kazi ya athi.

Wale wanaofaulu jaribio hilo hawatoki upande mmoja. Kuna waliotoka vyuo vikubwa vya umma, na kuna ambao hawajawahi kukalia kiti cha chuo chochote, waliojifunza chini ya fundi huko Kariobangi au Kayole, wakafanya jaribio la NITA la gredi ya tatu baadaye. Hao wa mwisho hakuna mamlaka iliyowahi kukagua karakana walimojifunzia, kwa sababu karakana yenyewe ilikuwa nyumba ya mteja.

Ndiyo maana nasema kwamba kwa fani yetu, msimamizi wa kweli wa ubora si taasisi yoyote kati ya zile tatu, bali ni EPRA, mamlaka ya nishati na petroli. Huruhusiwi kisheria kufanya kazi ya kuweka umeme bila leseni yao. Leseni hizo zina madaraja. C2 ndiyo ya kuanzia, na unapanda kulingana na elimu na tajriba. Kwa wanaofunga mitambo ya sola kuna madaraja yake, T1 hadi T3, yaliyotokana na kanuni za 2012. Nyumba mpya nayo haiunganishwi na Kenya Power bila cheti cha kukamilisha kazi kilichotiwa saini na mwenye leseni. Huko ndiko serikali inakotazama kazi iliyokwisha kufanyika badala ya chumba cha viti vya plastiki.

Najua mtanijibu kwamba wapo wenye leseni wanaotia saini kazi ambazo hawakuziona, wakalipwa kwa saini tu. Wapo, na wanatuharibia jina. Lakini angalau hapo kuna mtu mmoja mwenye jina na nambari, ambaye nyumba ikiungua unaweza kumshika. Chuo kikimfunza kijana vibaya, ni nani anayeshikwa?

Kuhusu zile shilingi 50, sisi waajiri tunazilipa kila mwezi, na sheria inatupa nafasi ya kudai fidia ya gharama za mafunzo tuliyowapa wafanyakazi wetu kupitia watoaji waliosajiliwa. Kampuni kubwa zenye ofisi ya rasilimali watu hudai. Sisi wenye vibarua wachache hatuna wa kujaza fomu, kwa hiyo tunachangia mafunzo ya kampuni kubwa. Nasema hili pembeni tu, kwa kuwa linaniudhi.

Dada wa Tanga

Habari zenu ndugu zangu wa Nairobi. Mimi ni Mtanzania ninayeishi South B, na kazi yangu ya awali nyumbani ilikuwa katika chuo cha ufundi stadi, kwa hiyo naomba kuongeza mtazamo wa jirani.

Kaka Mkandarasi anauliza ni nani anayeshikwa chuo kikifunza vibaya. Kwa maoni yangu, jibu linategemea kama msimamizi ana chuo chake mwenyewe au hana. Kwetu VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, iliundwa kwa sheria ya 1994, na kwa miaka mingi ilikuwa na vyuo vyake yenyewe nchi nzima huku ikisajili na kusimamia vyuo vya wengine, pamoja na kutahini. Wenye vyuo vya dini na vya binafsi walilalamika, na kwa haki, kwamba mshindani wao ndiye mwamuzi wao. Upande wa elimu ya ufundi ya ngazi za kati kulikuwa na baraza lingine, NACTE, lililoundwa kwa sheria ya 1997, ambalo halikuwa na vyuo. Baada ya mabadiliko ya sheria ya 2021, baraza hilo likawa NACTVET na kupewa pia usimamizi wa ufundi stadi, na VETA ikabaki zaidi na kazi ya kufundisha. Sisemi kwamba matatizo yalikwisha, kwani kuhamisha kazi kutoka ofisi moja hadi nyingine huchukua miaka na wakati huo vyuo hubaki vikiuliza barua zao vizipeleke wapi. Ila msingi ni sahihi.

Sasa itazameni NITA yenu kwa jicho hilo. Inakusanya tozo, inasajili watoaji wa mafunzo, inatoa majaribio ya ufundi, na wakati huohuo ina vituo vyake vya kufundishia, hapo Nairobi, Kisumu, Mombasa na Athi River. Huenda vituo hivyo ni vizuri kabisa. Hata hivyo, ni vigumu kwa ofisi yoyote kukifelisha kituo chake yenyewe.

Jambo hili si letu peke yetu. Ufilipino wana TESDA, iliyoundwa kwa sheria ya 1994, ambayo husajili programu za vyuo binafsi, hutathmini wafanyakazi, hutoa vyeti vya taifa, na pia huendesha shule zake yenyewe. Wao walijaribu kupunguza udhaifu huo kwa njia nyingine: cheti cha taifa kina muda wa miaka mitano, kisha mwenye nacho hutakiwa kukihuisha, kwa hiyo ujuzi hauhesabiwi kuwa umethibitishwa maisha yote. Zambia wana TEVETA, ya sheria ya 1998, inayosajili vyuo na pia kutahini, lakini vyuo vya umma viliwekwa chini ya bodi za vyuo vyenyewe. Rwanda nao, 2020, waliunda taasisi ya NESA kwa ajili ya mitihani na ukaguzi wa shule, ikiwa mbali na bodi inayoendesha mafunzo ya ufundi. Ukiwatazama wote hao, utaona kwamba kila nchi inahangaika na swali lilelile la kumtenganisha anayefunza na anayepima, na kila moja imelijibu nusu.

Kuhusu fedha, kaka, shilingi 50 zenu ni kiasi maalumu kisichobadilika mshahara ukipanda. Kwetu tozo ya ujuzi huhesabiwa kwa asilimia ya mishahara yote, sasa ni asilimia 3.5 tangu 2023, kwa waajiri wenye wafanyakazi kumi na zaidi. Waajiri wetu huiona kubwa mno, na si yote inayoifikia VETA. Kwa hiyo msitamani sana.

Mkufunzi wa Thika Road

Nakubaliana na Dada wa Tanga kuhusu kumtenganisha anayefunza na anayepima, na ningependa kuongeza tatizo ambalo utenganisho huo peke yake hauliondoi. Mamlaka nyingi za aina hii katika nchi zetu hupata bajeti ndogo kutoka hazina, na sehemu nyingine ya kazi zao huendeshwa kwa ada zinazolipwa na vyuo na watahiniwa. Kila maombi ya usajili, kila kozi mpya, kila mtahiniwa ana ada yake. Ofisi inayoishi kwa ada haifurahii kupunguza walipaji. Sizungumzii hongo. Nazungumzia mwelekeo wa kawaida wa ofisi ambayo mapato yake hupanda inapotoa idhini na hushuka inapoikataa.

Kwa Mkandarasi: EPRA ni mfano mzuri, lakini ni mfano wa fani chache zenye hatari inayoonekana. Udereva una NTSA, mamlaka ya usalama barabarani, uuguzi una baraza lake. Je, useremala? Upishi? Ushonaji? Fundi seremala akimaliza kozi mbovu, hakuna mamlaka inayongojea mlangoni kumpima upya, na mteja atagundua kabati likishaanza kulegea. Kwa fani hizo tathmini ya chuoni ndiyo kinga pekee iliyopo, na tukiipuuza kwa sababu ina kasoro tutakuwa tumewaacha watu bila chochote.

Wapo wanaopendekeza kwamba vyuo hafifu vifungwe kwa wingi. Nimeshuhudia chuo kikifungwa katikati ya muhula. Wanafunzi walibaki na risiti za karo mikononi, majalada yao yakiwa yamefungiwa ndani ya ofisi, na hakuna chuo kingine kilichokubali kutambua moduli walizokuwa wamemaliza, kwa kuwa hazikuwa zimewasilishwa kwa baraza. Adhabu ilimpata asiyekuwa na kosa. Afadhali mamlaka iondoe idhini ya kozi moja, itoe muda, na izuie chuo kusajili wanafunzi wapya huku waliopo wakimalizia masomo yao chini ya uangalizi.

Na kama ningepewa nafasi ya kubadilisha jambo moja tu katika mfumo wetu, ningeacha majengo kama yalivyo, na kudai kila chuo kieleze, kozi kwa kozi, wahitimu wake wako wapi mwaka mmoja baada ya kumaliza, kisha mamlaka iwapigie simu baadhi yao bila kukihusisha chuo. Ni kazi ya makarani wachache wenye simu, na ingewafaa wazazi kama Ndugu Mlezi kuliko fremu zote za mapokezini.

Mkandarasi, Industrial Area

Hapo kwenye simu nakubali, Mwalimu, mradi muwapigie na waajiri. Kijana anaweza kuwaambia ameajiriwa kama fundi wa umeme, kumbe kwangu anabeba ngazi.

Kuhusu useremala, nakubali pia. Sikuwa nimelifikiria kwa upande huo.

Mlezi wa Umoja

Nawashukuru sana nyote. Nilirudi chuoni jana nikiwa na maswali ya Mwalimu. Walinionyesha orodha ya kozi zilizoidhinishwa baada ya kuitafuta kwa muda mrefu, na umeme umo, lakini katika ngazi ya 4, si stashahada. Karani alieleza kwamba stashahada "iko njiani". Nilipouliza ni nani huja kutathmini kutoka nje na mara ya mwisho alikuja lini, nilielekezwa kwa mkuu wa masomo, ambaye hakuwepo.

Kwa hiyo tumeamua kutafuta kwingine, na tumepata nafasi katika chuo cha umma upande wa Eastlands ambako karakana ina vibanda vya ukuta ambamo kila mwanafunzi huweka nyaya zake mwenyewe, kisha huzing'oa ili mwingine aanze. Mkufunzi alituruhusu kusimama na kutazama. Ataanza ngazi ya 4.

Limebaki swali moja. Je, kijana akiwa katika kozi ya CDACC anaweza pia kufanya jaribio la gredi ya tatu la NITA, au itakuwa ni kulipa ada mara mbili kwa jambo lilelile?

Mkufunzi wa Thika Road

Anaweza. Ni mifumo miwili ya wizara mbili, na hakuna unaomzuia kuwa katika mwingine. Jaribio la NITA liko wazi hata kwa asiyesoma chuoni, na hupandwa kwa daraja, kuanzia la tatu. Ni kweli ada zitakuwa mbili, na ujuzi unaopimwa unakaribiana sana, kwa hiyo nisingemharakisha; amalize moduli za mwanzo, ashike kazi kidogo chini ya fundi wakati wa likizo, kisha aamue kama anataka kufanya jaribio. Waajiri wa rika la Mkandarasi bado huielewa gredi haraka kuliko ngazi.

Mwambie jambo moja zaidi. Kila kazi anayoifanya katika kile kibanda aipige picha yeye mwenyewe kabla ya kuing'oa, pamoja na tarehe, na abaki na nakala ya jalada lake nyumbani. Chuo hubadilisha wakuu, ofisi huhamishwa, na jalada likipotea ni yeye atakayeambiwa arudie.

Mkandarasi, Industrial Area

Na waya wa athi uonekane katika picha.